Waifai ya nyumba mbili: tafuta kwanza kipande kinachougua

Mtaani kwetu Kisauni, hapa Mombasa, kama ilivyo Majengo, Mikindani na Likoni, ni jambo la kawaida kukuta nyumba mbili au tatu zimechanga pesa zikalipia fayaba moja. Ruta inakaa kwa mmoja, jirani anavushiwa mawimbi au waya. Wiki ya kwanza kila mtu ana furaha. Wiki ya tatu mtu anasimama barazani anauliza, "Kwani leo hakuna neti?" Na hapo ndipo maneno yanapoanza: nani anatumia nyingi, nani hajalipa, nani ameichezea ruta.

Nimeitwa kwenye nyumba nyingi za namna hii, na ninachokuta mara nyingi ni kwamba ruta imeshazimwa na kuwashwa mara tano kabla sijafika. Nakuomba usianzie hapo. Ukiizima unafuta dalili zote, na ikirudi kufanya kazi hutajua ilichokuwa ikiugua. Itaugua tena kesho saa ile ile.

Neti ya nyumba mbili ina vipande vitatu. Cha kwanza kinatoka kwa kampuni hadi ruta kuu. Cha pili ni daraja baina ya nyumba na nyumba, liwe la mawimbi au la waya. Cha tatu kinatoka ruta ya jirani hadi simu iliyo mkononi mwake. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni kipande kipi kibovu. Simama mita moja kutoka ruta kuu ujaribu neti hapo. Ikiwa mbovu pale pale, usihangaike na antena ya jirani. Ikiwa nzuri, nenda nyumba ya pili na ufungue ukurasa wa mipangilio wa ruta kuu kwenye kivinjari cha simu. Anwani yake imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, na mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa ukifunguka papo hapo huku tovuti za nje hazifunguki, daraja ni zima. Ukisuasua au ukikataa, umeshampata mgonjwa: ni daraja, au ni kipande cha tatu. Kuvitenganisha hivyo viwili, chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta ya jirani, urudie jaribio.

Tahadhari moja: ruta zote mbili zikiwa na anwani ile ile, utafungua ukurasa wa ruta ya jirani ukidhani ni wa ruta kuu. Angalia jina na modeli juu ya ukurasa. Tutarudi kwenye jambo hili, maana nalo peke yake ni ugonjwa.

Nyumba zote zimekosa kwa wakati mmoja

Hapa usipoteze muda mwingi. Tazama kisanduku cha fayaba. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kutoka kwa kampuni. Kagua ule uzi mwembamba wa fayaba ndani ya nyumba: haukubanwa na mlango, haukukunjwa kwa nguvu kwenye kona ya dirisha, kabati halikusogezwa likaulalia. Fayaba ni kioo, na kona kali humwaga mwanga nje hata kama uzi haujakatika. Uzi ukiwa sawa na taa bado nyekundu, piga simu kwa kampuni. Taa zikiwa za kijani na bado hakuna neti, hakikisha malipo ya mwezi hayakupita tarehe kabla ya kufungua kitu chochote.

Stima nayo inachanganya watu. Jirani ana taa, feni yazunguka, lakini neti hana, kwa sababu stima imekatika kwenye nyumba yenye ruta kuu, na nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa kwenye fezi tofauti, yaani laini tofauti za stima. Dawa ni betri ndogo ya ruta. Kabla ya kuinunua soma adapta za vifaa vyako: vingi ni vya volti 12 lakini si vyote, na kisanduku cha fayaba na ruta vikiwa viwili, vyote viwili vinahitaji kulishwa.

Kuna siku chache ambazo kosa liko baharini. Mombasa ndipo nyaya kubwa za intaneti zinapotia nanga nchini: SEACOM ilianza kazi 2009, EASSy ikafuata 2010. Mei 2024 zote mbili zilikatika upande wa kusini, baharini karibu na Afrika Kusini, na Kenya nzima ikahisi. Siku kama hiyo baadhi ya vitu hufunguka vizuri na vingine hukokota, na marafiki walio kwenye kampuni nyengine nao wanalalamika. Ukiona hivyo, iache antena yako mahali ilipo.

Mistari imejaa, lakini neti haipiti

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linalowatoa watu pesa bure. Jirani anaonyesha simu: mistari yote ya waifai imejaa, na video inazunguka tu. Anaamini kampuni inamwibia.

Ile mistari inasema kitu kimoja tu, yaani simu inaisikia vizuri ruta au ekstenda (kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarudia mbele) iliyo karibu nayo. Haisemi chochote juu ya daraja lililo nyuma yake. Fikiria watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani. Wa mwisho anaweza kuwa na nguvu kama simba, lakini ndoo ikimfikia nusu, atakupa nusu. Ekstenda ndiye mtu wa katikati, na watu humweka mahali pabaya kabisa: kwenye chumba ambacho neti imeshakufa, eti aifufue. Ekstenda inapaswa kukaa pale ambapo neti bado ni nzuri, kisha iisukume mbele.

Ili kujua "bado ni nzuri" ni wapi, weka kwenye simu programu ya bure ya kupima waifai. Itakupa namba yenye alama ya kutoa, kwa kipimo cha dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -50 ni bora sana, -65 inatosha kwa simu za video, -75 ni mashaka, -85 ni jina tu. Tembea nayo kutoka ruta kuu kuelekea kwa jirani, na mahali inapofika kama -65 ndipo mahali pa ekstenda. Usikubali fundi akupangie kwa macho.

Halafu tazama ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zaweza kufika unene wa nusu mita. Masafa ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi, hayapiti ukuta kama huo kwa maana yoyote ya kukufaa. Ya gigahezi 2.4 hupita kwa shida. Kwenye nyumba za Kiswahili za Majengo, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ruta ikiwekwa chumba cha mbele na jirani yuko upande wa uani, mawimbi yanavuka kuta nne kabla hayajatoka nje. Mabati hurudisha mawimbi kama kioo. Tangi la maji juu ya dari huyanyonya. Na kuna kitu ambacho hapa pwani tunacho karibu kila dirisha na hakuna anayekishuku: wavu wa mbu. Ukiwa wa nailoni hauna neno. Ukiwa wa waya wa chuma, matundu yake ni milimita chache, na wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa takriban sentimita 12.5, kwa hiyo linauona wavu huo kama ukuta. Nimewahi kuitwa Tudor kwenye nyumba iliyokuwa na ekstenda tatu, na dawa ikawa kuihamisha ruta hadi dirisha la ngazi ambalo halikuwa na wavu. Zile ekstenda tatu zilikuwa zimeshalipiwa. Iliniuma.

Mistari imejaa, mahali ni sahihi, na bado kasi ni nusu ya ile ya ruta kuu? Ekstenda nyingi za bei nafuu zina redio moja tu. Husikiliza, kisha hurudia yale yale kwenye chaneli ile ile, na haziwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kinachogawanyika nusu ni uwezo wa mawimbi, si lazima kifurushi. Mawimbi yakibeba megabiti 60 na kifurushi ni cha 10, hutahisi kitu. Yakibeba 12, utahisi sana. Hapo ama uvute waya, ama ununue ekstenda ya redio mbili inayopokea kwa 5 na kugawa kwa 2.4.

Nyumba zikiwa na njia au uwanja katikati, achana na ekstenda. Chukua antena mbili za nje zinazotazamana, moja kila paa, kisha ruta ya kawaida ndani ya nyumba ya pili. Watu wengi husema, "Naiona antena ya jirani kwa macho, basi njia ni wazi." Si hivyo. Mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba. Yanahitaji nafasi iliyotuna katikati, mfano wa ndizi. Kwa umbali wa mita 100 kwenye gigahezi 5, pale katikati panahitaji zaidi ya mita moja kila upande. Kuti la mnazi likining'inia humo, siku ya upepo utaona neti ikija na kuondoka. Na umbali ukiwa mfupi, tuseme mita 15 za kichochoro, punguza nguvu ya antena. Antena mbili zilizo karibu zikipaza sauti hadi mwisho zinazibana masikio, na kasi inashuka badala ya kupanda.

Mchana shwari, magharibi inakwama

Bi mmoja jirani yangu alikuwa na hakika kwamba vijana wa nyumba ya pili wanaimaliza neti. "Mwanangu, ikifika magharibi tu, binti yangu aliye Doha hanisikii. Hawa wachukua yote." Nikamwambia, "Tulia mamangu, tupime kwanza." Tukapima muda ambao ujumbe mdogo huchukua kwenda na kurudi, kile mafundi wanachokiita pingi. Alasiri ulikuwa milisekunde 20. Saa moja kasoro ya jioni ulivuka 600. Tukazitoa simu moja moja kwenye waifai huku tukitazama namba. Ilipotoka simu ya mjukuu wake mwenyewe, namba ikarudi 20. Kijana hakufanya kosa lolote. Alikuwa akirudi kutoka kazini, na simu yake, kila ikinusa waifai, inapandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Watu hutazama upande wa kushusha peke yake. Upande wa kupandisha ukijaa, hata maombi madogo ya kufungua ukurasa hukaa kwenye foleni, na kila nyumba inaonekana kama imekufa. Panga kupandisha kufanyike usiku wa manane. Ruta yako ikiwa na udhibiti wa foleni, weka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima, kwenda na kurudi. Foleni itabaki ndani ya ruta, inapoweza kusimamiwa.

Wengine hujaribu kugawa kasi kwa kila simu kwa anwani yake ya kifaa. Ilikuwa mbinu nzuri zamani. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia anwani ya uongo kwa kila waifai kwa ajili ya faragha, kwa hiyo mtu akifuta mtandao na kuunga upya anaweza kuonekana mgeni na kikomo kikampita. Ni salama zaidi kuweka kikomo kwa nyumba nzima: jirani apite kwenye ruta yake, na ruta hiyo ndiyo ipewe mgao.

Ikiwa pingi ni nzuri kwa waya na mbaya kwa waifai, tatizo ni msongamano wa hewani. Kwenye maghorofa ya Tudor na Makadara simu yaweza kuona majina 30 ya waifai kwa pamoja. Kwenye 2.4, chaneli zisizogusana ni 1, 6 na 11 pekee. Chagua mojawapo ambayo majirani wenye mawimbi makali hawaitumii, na weka upana wa megahezi 20, si 40. Kukaa chaneli 3 au 4 ukidhani ni tupu ni kuwasumbua wa 1 na wa 6, nao wakusumbue wewe.

Simu moja inaingia, nyengine inakataa

Ukisikia "kupata anwani ya IP" inazunguka bila mwisho, au simu inaunganishwa bila intaneti huku ya pembeni yake inafanya kazi, mara nyingi ruta mbili zinagawa anwani kwenye mtandao mmoja. Kila moja inajiona mwenye nyumba. Simu iliyopokelewa na ya kweli inapita. Iliyopokelewa na ya pili inaelekezwa kwenye mlango usio na barabara.

Jirani akiwa ni wa kuaminika na mnataka mtandao mmoja, ibadilishe ruta ya pili kuwa kituo cha kugawa mawimbi tu. Ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani isiyotumika kama 192.168.1.2 ikiwa kuu ni 192.168.1.1, zima DHCP (kazi ya kugawa anwani), kisha chomeka waya unaotoka ruta kuu kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kuingizia neti kutoka nje). Fuata mpangilio huo huo, maana ukizima DHCP kabla ya kubadili anwani utahangaika kuirudia. Mkitaka kila nyumba iwe na faragha yake, fanya kinyume: acha DHCP, tumia WAN, na upe ruta ya pili familia nyengine ya anwani, tuseme 192.168.50.1. Baadhi ya michezo ya mtandaoni na kamera zitalalamika kwa sababu zinapita milango miwili, lakini simu ya jirani haitaiona televisheni yako. Mimi hupendelea njia hii.

Ikiwa ni ruta kuu pekee inayogawa anwani na bado simu mpya zinakataliwa, angalia idadi ya anwani inazogawa. Nyengine hutoka dukani zikigawa 50 na kuzishikilia kwa siku nzima. Nyumba tatu zenye wageni wa wikendi huzimaliza. Ongeza idadi, punguza muda uwe saa mbili.

Mvua, kusi na chumvi

Daraja likikatika kila mvua inaponyesha, panda juu ukague vichwa vya waya. Hewa yetu ina chumvi, na shaba iliyo wazi huota kijani miezi michache tu baada ya kufungwa. Kichwa kikioza, njia ya waya hushuka kutoka megabiti 100 hadi 10 bila kuzima taa, na mtu anadhani kifurushi kimepunguzwa. Kata sentimita chache, funga kichwa kipya, ukizibe na mpira usiopitisha maji. Waya ufike kwenye antena kutokea chini, na uache kitanzi kinachoning'inia ili matone yaangukie hapo badala ya kuingia ndani. Epuka waya wa alumini uliopakwa shaba. Ni rahisi dukani, lakini hapa hauna maisha.

Kusi likianza kuvuma, mlingoti mwembamba hujizungusha taratibu. Andika namba ya dBm siku ulipofunga antena, na ikishuka kwa 10 au zaidi, ilenge upya. Mchana wa kaskazi nao una lake: ruta iliyowekwa chini ya mabati bila dari hupata joto hadi ikajizima, kisha jioni inapona yenyewe.

Waya wa shaba baina ya nyumba mbili

Hapa nasisitiza kwa moyo wote. Nyumba mbili zenye mita mbili za stima huenda zina ardhi mbili (waya za usalama zinazozikwa udongoni) zisizolingana, au moja haina kabisa. Ukiziunga kwa waya wa mtandao wenye ngao ya chuma, umeme wa tofauti hiyo hupita kwenye ngao. Dalili yake ni matundu ya LAN yanayoungua moja baada ya jengine, adapta zinazokufa, au mtu anayetetemeshwa akigusa kichwa cha waya. Radi ya masika ikipiga karibu, waya huo unaipeleka hadi ndani ya nyumba zote mbili. Ukihisi mtetemo, zima vifaa na mwite fundi wa stima kabla ya fundi wa neti. Dawa ya kudumu ni antena za kutazamana, au uzi wa fayaba usio na chuma wenye kigeuzi kila mwisho. Kioo hakipitishi umeme. Waya wa mtandao pia haupaswi kuzidi mita 100 kwa kipande kimoja.

Kasi inapungua polepole bila sababu

Hesabu vifaa kwenye ukurasa wa ruta. Mkiwa familia mbili za watu kumi na orodha ina simu 34, neno la siri limeshatembea mtaani. Libadilisheni pamoja, mzime WPS (njia ya kuunga simu bila kuandika neno la siri), mtumie ulinzi wa WPA2 au WPA3, na wageni wapewe mtandao wao wa pembeni.

Na ikiwa mchango umeanza kugeuka biashara, yaani unawauzia watu wa mtaa, basi hilo ni jambo jengine. Kuuza huduma ya mawasiliano Kenya kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano chini ya sheria ya 1998. Hata kuchangia kwa majirani, soma kwanza mkataba wa kifurushi chako. Mingi ya nyumbani inaruhusu nyumba moja tu, na aliyeandikwa kwenye akaunti ndiye atakayeulizwa.

Ukishapima vipande vyote na ukaona kosa ni la kipande cha kwanza, usiipigie kampuni ukasema "neti ni mbovu." Waambie: nimepima kwa waya kwenye ruta kuu, waifai ikiwa imezimwa, saa mbili usiku kwa siku tatu, nimepata megabiti 3 badala ya 20, taa ya LOS haijawaka. Kisha waombe namba ya lalamiko, uiandike kwenye karatasi ile ile ya vipimo, na umpe jirani nakala.